Mgeni Aliyeungua

Kadi ilikuwa tupu, lakini ilinuka nywele zilizoungua.

Idil aliinusa tena, akajicheka. Kazi yake pale Hargeisa ilikuwa kupiga picha karamu za harusi za wanawake, ambako shungi huvuliwa na mwanamume hakanyagi. Picha zikishahamishiwa kwenye flashi ya bibi harusi, kadi ya kamera hufutwa palepale, wenyewe wakitazama. Ya harusi ya Nimco, usiku huo, aliifuta hivyo. Sasa alipoirudisha, kamera ikaonyesha picha moja: mwanamke asiyemjua, amegeukia ukuta, mgongo umebabuka.

Kesho yake mama yake Nimco alipiga simu, sauti ya chini. "Idil, mwanangu, Nimco ananiuliza mimi ni nani. Hata jina lake halijui."

Idil alikimbilia kwa Sheikh Liibaan na kadi, akamweleza yote.

"Ulifuta bila bismillahi?"

"Sheikh, ni kitufe tu."

"Ukimwaga maji ya moto unamtaja Mungu, majini wasiungue. Ulidhani majini wa kike hawaendi harusini? Ulimfuta. Naye anafuta." Aliisomea kadi mpaka jasho likamtoka. "Kadi imesafika. Mwenye jeraha sijui yuko wapi."

Idil aliitumbukiza chooni, akanunua mpya.

Kisha akaolewa Sagal, mdogo wake wa pekee. "Anipige picha nani mwingine, fundi wa magari?" Sagal alimtania, na siku yenyewe akacheza huku vidole vimejaa halwa, kicheko chake kikipasuka juu ya ngoma. Picha zilipokwisha kuhamishwa, ndani ya moshi wa udi Idil akaisikia ile harufu.

Shangazi Kaltuun, wa upande wa bwana harusi, akavuta kigoda. "Haya, futa nione."

"Shangazi, ichukueni kadi tu. Ikae kwenu."

"Kwetu, vijana waone nywele za mke wa mtu? Au una mnunuzi wa picha?"

Wanawake wakaguna. Mama yake Idil akamnong'oneza, "Utamvunjia mwenzio ndoa, we mtoto!"

Idil akataka kusema habari za Nimco, lakini macho yote yalikuwa mkononi mwake, na kwenye kioo cha kamera, pichani nyuma ya bega la Sagal, yule mwanamke alikuwa ameanza kugeuka, na harufu ya nywele ilikuwa imemjaa kooni, na kutoka chumba cha ndani kicheko cha mdogo wake kilikuwa bado kinasikika, basi akafumba macho akaanza, "Bismi..."

"Unatuchelewesha," alisema Kaltuun, aliyekwisha kuona kitufe hicho kikibonyezwa harusi nyingi, akanyoosha kidole akakibonyeza mwenyewe.

Kicheko kilikatika.

Sagal alitokea mlangoni na dhahabu yake na hina yake. Aliwatazama mmoja mmoja, Idil naye, akatabasamu kwa adabu.

"Hongereni, jamani," alisema. "Bibi harusi ni yupi?"