Nyama ya Dume Aliyenyamaza

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kilosa nilipobeba beseni na kisu kwenda shambani. Mhoja, jirani yetu hapa Masanze, alikuwa amepiga simu: nguruwe pori ameingia kwenye shimo la mtego. Nilifurahi. Nguruwe walikuwa wamelaza nusu ya mahindi yetu, na mume wangu Herman alilichimba lile shimo kwa hasira.

Nikawakuta wawili wale wamesimama ukingoni, mikuki mkononi.

"Mbona hamumuui?" nikauliza.

"Tazama mwenyewe, shemeji," Mhoja akanong'ona.

Dume kubwa. Alisimama chini ametulia, anamwangalia Herman. Nguruwe akinaswa hupiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Huyu hakulia. Mkuki ulipomwingia, hakulia. Alipiga magoti tu, akalala.

Tulipomvuta juu, Herman akaona uzi mweusi shingoni, umezama ndani ya manyoya. Akaukata kwa panga, akautupa majanini.

Mhoja akarudi nyuma. "Kaka, hicho ni kitu cha mtu."

"Ni kamba ya mtego. Shika mguu huo."

Tukambabua kwa mabua makavu. Hapo ndipo harufu iliponifikia. Haikuwa ya manyoya yanayoungua...

Sabuni. Harufu ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Nyumbani tulikuwa tumechoka kula mlenda kila siku. Tukagawana haraka haraka, maana hatukuwa na kibali cha kuwinda. Mhoja akachukua paja la kulia. Mzee Rafaeli, wa nyumba ya pili, tukampa mguu wa mbele wa kushoto. Iliyobaki ikawa yetu.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Rebeka, binti yetu, yuko bweni. Nikabandika maji ya mchuzi yachemke polepole, na mnofu wa mgongo nikauacha kwenye beseni nikikata vitunguu. Herman alikaa mlangoni, ananoa kisu.

Baada ya muda nikatia mnofu sufuriani. Kisu kikamwanguka Herman.

"Mama Rebeka... mguu umekufa ganzi."

Nikaushika. Wa kulia. Ulikuwa wa baridi, mzito, kama si wake. Nikausugua. Upepo ukaleta harufu ya nyama ya kukaanga kutoka kwa Mhoja.

Kisha mkono wake wa kushoto ukaning'inia.

Sufuria ikaanza kutokota upya. Herman akajikunja, meno yamebana.

"Toa sufuria. Inaniunguza."

Alikuwa mbali na moto. Nikampandishia shati.

Mgongo mzima malengelenge.

Nikamwaga maji, nikautupa ule mnofu kwenye beseni, nikakimbia. Kwa Mhoja nikawakuta wamezunguka sinia. "Karibu, shemeji, tunakula," akasema. Katikati ya sinia palikuwa na mfupa wa paja, mweupe, umesafishwa vizuri. Kwa Mzee Rafaeli, mkewe alikuwa bado anatafuna. Nikageuka, nikarudi mbio.

Mama yake Mhoja, Bibi Kishiwa, alinifuata mpaka kwetu, Mhoja nyuma yake. Alimtazama Herman kwa muda mrefu, akazungumza na mwanawe Kisukuma.

"Anasema kuna mtu alikuwa amejificha ndani ya mnyama yule," Mhoja akanitafsiria, hanitazami usoni. "Kaka alipokata uzi, mnyama akabaki bila mtu. Akamchukua kaka."

"Aliyeufunga ni nani?"

Bibi akatikisa kichwa. Alitaka uzi tu.

Tukarudi shambani na tochi. Shimo lilikuwepo. Damu ilikuwepo. Pale Herman alipotupa uzi, majani yalikuwa yameng'olewa, na udongo umefagiliwa. Mistari ya ufagio ilionekana, bado mipya.

Hospitalini walisema kiharusi. Kuhusu malengelenge wakaniuliza kama tunagombana nyumbani. Mchungaji alikuja akaomba kwa machozi. Herman akaitika amina, mguu haukusogea.

Lakini nyama ilibaki, nami sikujua niifanyeje. Nilipoizika nyuma ya choo, Herman alianza kukosa pumzi, akikwaruza shingo kwa mkono mmoja. Nikaifukua kwa kucha. Nilipoitia chumvi, alilia kiu usiku kucha, akamaliza ndoo ya maji, midomo imepasuka. Nilipoiacha, ikaanza kunuka. Na yeye akaanza kunuka.

Mdogo wangu Bernadetha anauza kitimoto, nyama ya nguruwe, kule Mikumi. Ana friza. Nikapanda bodaboda na ile nyama, nimeifunga ndani ya mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, na khanga juu yake.

"Hii usiuze," nikamwambia. "Usimpe mtu. Usiitoe."

"Ina nini, dada?"

"Ahidi tu."

Akaahidi. Sikumwambia zaidi, angeitupa.

Tangu hapo Herman ni mtu wa baridi. Namwanika juani na mablanketi mawili, na bado anatetemeka. Lakini anaongea. Anamuulizia Rebeka. Anacheka kidogo redio ikichekesha. Nikajifunza kushukuru kwa hayo.

Jana alasiri Bernadetha alinipigia kwamba amefiwa na baba mkwe, yuko njiani kwenda Ruaha, duka kamwachia wifi yake. Nikamuuliza kuhusu mfuko wa salfeti. Simu ikakatika. Nikapiga tena. Haipatikani. Namba ya wifi sina.

Nikampigia dereva wa bodaboda. Alikuwa Kimamba, akasema nimsubiri. Nikasimama barabarani mpaka giza likaanza kuingia, kisha nikasikia Herman ananiita. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya zamani, sauti ya mtu mzima wa afya.

Nikaingia. Alikuwa ameyasukuma mablanketi yote chini. Anatabasamu, jasho linamtiririka shingoni.

"Mama Rebeka," akasema, "leo nasikia joto."