Kidonge cha Pamoja

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, msichana yule alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa: kumpa babu yake dawa. Alimletea maji katika kikombe cha bati, akamwekea vidonge vinne katika kiganja cha kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa bado mzito tangu alipopatwa na kiharusi. Kisha alisimama mbele yake, mikono nyuma, mpaka amwone amemeza.

"Fungua kinywa, Babu."

"Ala! Mimi ndama?"

"Fungua nione."

Babu alifungua huku akicheka. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ili apate mwanga. Kukata kitambaa hakuweza tena, lakini kukisukuma chini ya sindano aliweza, na wateja hawakumkimbia. Ni yeye aliyempa mjukuu wake jina la Daktari. Nyumba nzima ililikubali jina hilo isipokuwa kaka wa msichana, ambaye alimwita Daktari wa Kuku.

Hata hivyo, babu alikuwa na malalamiko yake yasiyokwisha.

"Dawa ni ya mgonjwa," alimwambia mama. "Mimi naumwa nini? Nashona, nakula, nagombana na wateja. Nimepona."

"Baba, huugui kwa sababu unameza," mama alijibu.

"Basi niache, tujue."

"Tukishajua, tutakuwa tumechelewa."

Siku ya kwenda kituo cha afya ilipofika, mama alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo Daktari ndiye aliyemsindikiza babu. Tabibu alimpima, akamwandikia dawa mpya. Babu aliketi kwenye benchi kupumzisha mguu, na msichana akasimama kwenye dirisha la dawa. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, mzee anakohoa. Mfamasia, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisukuma pakiti mbele yake.

"Babu yako amebadilishiwa. Hiki ni kidonge cha pamoja. Kimoja tu kila asubuhi. Umeelewa?"

Cha pamoja? Pamoja na nini? Swali lilifika ncha ya ulimi. Lakini babu alikuwa amekwisha kulitangazia benchi zima, "Yule pale ndiye daktari wangu," na macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake. Daktari gani huuliza maana ya neno "pamoja"?

"Nimeelewa," alisema, akachukua pakiti.

Njiani alijipatia jibu mwenyewe. Nyumbani kopo la dawa za zamani lilikuwa bado na vidonge. Kidonge cha pamoja, basi, ni cha kumezwa pamoja na vile. Jambo lilionekana wazi kabisa, na kwa sababu lilionekana wazi, hakumwambia mtu.

"Mbona vimeongezeka?" babu alinung'unika kesho yake.

"Hiki ni cha pamoja, Babu. Kinamezwa pamoja na hivi."

"Haya. Daktari akisema, mgonjwa ni nani apinge?"

Siku chache baadaye, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta babu akiinuka ili ampime mteja mabega. Futi ya kupimia ilimponyoka. Babu alishika ukuta, magoti yakalegea, akaketi sakafuni kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Kimerudi!" mteja alipiga kelele. "Jamani, kiharusi kimerudi!"

Msichana alipiga magoti kando yake, akamtazama mdomo. Haukuwa umepinda. "Dunia inazunguka tu," babu alisema, na maneno yake yalitoka sawasawa. Mama aliitwa, jirani akatoa gari, wakaenda kituo cha afya.

Tabibu alimpima presha, akarudia.

"Si kiharusi," alisema. "Presha imeshuka mno. Kile kidonge kimoja kilichochukua nafasi ya vile vinne, huenda kimemzidi nguvu. Hakuna kingine anachomeza?"

"Hicho tu," mama alijibu, akamgeukia binti yake. "Si ndivyo, Daktari?"

Msichana aliyarudia moyoni maneno ya tabibu. Kilichochukua nafasi! Kabla hajajibu, babu alidakia kwa furaha.

"Nilisema mimi! Dawa imenikataa. Sasa nipumzike, mwanangu. Nisimeze chochote."

"Hiki tutakisimamisha kwa sasa, tuone," tabibu alisema, akachukua kalamu.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Vidonge vya kopo angevitumbukiza chooni, na hakuna ambaye angejua. Angebaki Daktari vilevile. Lakini alimtazama babu akitabasamu, akakumbuka asubuhi ile ya kiharusi, chai ilipokuwa ikitiririka kutoka pembe ya mdomo wake na yeye hawezi kutamka hata jina la binti yake. Babu akiachishwa dawa kwa kosa lisilo la dawa, asubuhi ile ingeweza kurudi.

"Si kidonge," alisema. Akamgeukia tabibu. "Si kosa la kidonge. Ni mimi. Nilimpa hiki na vile vya zamani, vyote."

Mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Kwa nini?" tabibu aliuliza.

"Niliambiwa ni cha pamoja. Nikadhani ni pamoja na vile. Nikasema nimeelewa."

Mfamasia aliitwa. Alisikiliza, kisha akavua miwani. "Neno hilo nalisema kutwa nzima, na sijawahi kulisikia hivyo. Hukuniuliza, mwanangu, nami sikukuambia unirudishie ulivyoelewa. Tumekosea sote wawili."

Tabibu alimgeukia babu. "Fundi, ukimaliza kushona koti, bitana na mifuko si vimo ndani yake? Basi dawa zako zote nne, mbili za kushusha presha, moja ya kupunguza mafuta mabaya na moja ya kuzuia damu isigande, zimo ndani ya hiki kimoja. Wewe ulivaa koti, kisha ukavaa bitana nyingine juu yake."

"Kwa hiyo naendelea kumeza?" Tabasamu la babu lilizimika.

"Presha ikitulia, nitakwambia uanze tena, kimoja peke yake, kila siku. Mishipa iliyoziba mara moja huweza kuziba tena, hata kama leo unajihisi mzima."

"Mpaka lini?"

"Wateja wako huvaa nguo mpaka lini?"

Mama alicheka, ingawa macho yake yalikuwa na machozi.

Walipofika nyumbani mama alichukua kopo ili alirudishe kwa mfamasia. "Akiruhusiwa kumeza tena," alisema bila ukali, "nitampa mimi. Wewe utatazama na kujifunza." Msichana alikubali kwa kichwa. Adhabu ilikuwa ya haki, na haki huuma.

Babu alimwita barazani, akamkalisha karibu na cherehani.

"Mjukuu wangu, anayeuliza huona haya mara moja, akasahau. Anayejifanya ameelewa humponza mtu mwingine ambaye hakuulizwa kitu. Hilo ulishike."

"Nimelishika, Babu. Nisamehe."

"Subiri, sijamaliza. Leo umeninyima furaha. Ungenyamaza, ningetoka pale nikicheka, na kicheko kile kingenizika." Aliweka mkono wake mzito juu ya kichwa cha msichana, akauacha pale. "Kusema kweli kwa mtu asiyetaka kuisikia, huko ndiko kumpenda."