Kijungu Kilichonukia Nyumbani

Kila alfajiri, kabla kengele ya shule haijalia, Tusekile alitoa kijungu chake chini ya kitanda na kukiweka sikioni. Nje ukungu mzito ulikuwa umelala juu ya milima. Ndani ya kijungu alilisikia Ziwa Nyasa likipumua taratibu, na mama yake akiimba huku akifinyanga. Kisha alimega kwa jino chembe ya ukingo wake, akaimung'unya. Ilikuwa na ladha ya mvua ya kwanza inapopiga uani kwao.

Ilikuwa shule ya misheni ya Wajerumani, yenye jina. Akionekana mtu hodari wa kalamu, watu walisema, "Huyo lazima kasoma kule mlimani." Tangu Tusekile apokelewe huko, baba yake Ezekia, mvuvi wa Matema kando ya ziwa, alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani bila kuambiwa na mtu.

Tusekile alilijua hilo. Ndiyo maana alipopatwa na kizunguzungu darasani alisingizia usingizi, na chakula chake akawapa wenzake. Kusoma alikupenda sana, ila kooni hakikushuka kitu isipokuwa udongo ule.

Baada ya mavuno wazazi wake walipanda mlimani na vyungu vya kubadilishana na maharage, wakapita shuleni kumwona.

"Ndaga, mwanangu! Hujambo?" baba aliita kwa furaha, akianza na salamu ya kwao.

"Sijambo, baba."

"Hebu nisomee nisikie."

Tusekile alisoma ukurasa mzima wa Kijerumani. Ezekia hakuambulia hata neno, lakini aliitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Mama yake, Anyisile, alikuwa akiitazama mikono ya binti yake ilivyokonda. "Nina kiu," alisema. "Niletee maji kwa kile kijungu nilichokufinyangia."

"Kilianguka, mama. Kilivunjika."

Anyisile aliingia bwenini mwenyewe, akatoka nacho. Ukingo wote ulikuwa umekwisha, hadi shingoni.

"Chungu kikianguka hupasuka," alisema polepole. "Hiki kimeliwa."

"Kimeliwa na nani? Panya?" Ezekia aliuliza.

Tusekile aliangua kilio. "Na mimi, baba. Kinanukia nyumbani. Chakula hakinipiti, na tumbo linaniuma kila siku. Niliogopa kukuaibisha."

Ezekia alikaa chini. "Lakini Mama Tusekile, shule kama hii! Watu watasema mwanangu kashindwa."

"Watasema, kisha watakwenda kulala. Sisi tutabaki na nani?"

Ezekia alimshika mtoto mkono. Vidole vyake viliuzunguka na nafasi ikabaki, naye akaingiwa na hofu. Ukungu ulikuwa ukifunguka, na chini kabisa ziwa likang'aa.

"Chukua nguo zako, mwanangu," alisema.

Walishuka bonde baada ya bonde, na hewa ikazidi kuwa ya joto. Tusekile alisinzia mgongoni mwa baba yake, akiota mawimbi. Alipoamka, mawimbi yalikuwa palepale mbele yake.

Mganga wa misheni alimpa dawa na kumkataza udongo. Tusekile alianza kula samaki na ndizi, mashavu yakarudi. Alisoma kwa Mwalimu Lazaro, chini ya paa la nyasi, katika shule isiyojulikana hata ng'ambo ya mto, na jioni aliwasomea akina mama waliokuwa wakifinyanga. Jumapili Ezekia alirudi kwenye benchi lake la zamani. Wengine walicheka, naye akaimba kwa sauti kuliko wote.

Siku moja alimkuta bintiye akiwawekea vifaranga maji katika kile kijungu.

"Mwanangu," alisema, "shule yenye sifa ni kitu kizuri. Lakini anayesoma ni mtoto, sifa haisomi. Hapo nilikosea. Nawe, ukiumwa sema. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nimesikia, baba."

Baba yake alipoondoka, Tusekile alikiinua kijungu, akakinusa. Kilinuka udongo tu. Akakirudisha chini, vifaranga wakaendelea kunywa.