Bwana Stokingi

"Hii ni ya nani?"

Solo aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota mjusi aliyekufa. Ilikuwa stokingi ya kike, nyembamba, ya kahawia, yenye mstari mweusi juu. Moja tu. Alikuwa ameitoa kwenye mfuko wa pembeni wa begi la gitaa, tena begi lake mwenyewe, alilokuwa ameliacha tupu hapa kwa mchumba wake miaka miwili iliyopita. Jumapili hii alikuja kulichukua abebee nyaya za bendi.

Mchumba wake alisimama mlangoni na vikombe viwili vya chai. Ni mpima ardhi, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote lenye namba.

"Solo, weka hiyo chini kwanza."

"Siiweki. Nakuuliza, ni ya nani?"

"Si ya mtu."

"Stokingi isiyo ya mtu! Ilitembea yenyewe ikaingia kwenye begi langu?"

"Nitakueleza."

"Haya, nieleze."

"Si leo. Nipe mpaka Jumamosi."

Jamani, kuna majibu mabaya, halafu kuna hilo. Solo aliitia stokingi kwenye mkoba wake, akaliacha begi sakafuni, akatoka bila kugusa chai. Alitembea hatua ishirini hivi, ndipo machozi yakaanza.

Jina la Solo alipewa na bendi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo. Akilishika, hata walioketi kula walikuwa wanasahau vijiko hewani. Halafu ikaja ile siku ya mvua. Walikuwa wanakimbilia garini, mpima ardhi akausukuma mlango bila kutazama, na mkono wa kushoto wa Solo ulikuwa bado kwenye ukingo. Vidole viwili vilivunjika. Cha kati kilipona. Cha pete kilipona kwa nusu, kikawa hakikunji vizuri tena, na kiungo chake kikabaki kimevimba. Pete ya uchumba ikahamia mkono wa kulia.

Solo hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Usinitajie gitaa tena. Nimechoka na muziki wa vidole, sasa nataka wa masikio." Akahamia nyuma ya meza ya mitambo, kazi yake ikawa kuwawekea wenzake sauti sawa. Na harusi ikaanza kuahirishwa. Mara ya kwanza bwana alisema nyumba haijapakwa rangi. Mara ya pili akasema kuna kazi ya mipaka mbali. Rangi ilishapakwa na mipaka ilishapimwa, lakini harusi hakuna.

Jumapili hiyohiyo Solo alimpigia dada yake mkubwa.

"Dada, nimekuta stokingi kwake."

"Ya nani?"

"Si ndiyo hilo swali!"

"Ndefu au fupi?"

"Dada!"

"Nauliza tujue tunapambana na nani."

"Ndefu."

"Amesemaje?"

"Kasema atanieleza Jumamosi."

"Jumamosi! Mwongo wa kawaida anahitaji dakika tano. Huyu wako amechukua wiki nzima, anaandika kitabu?"

Solo alitaka kucheka, akalia.

"Mdogo wangu, nisikilize," dada akasema, safari hii kwa upole. "Kakuahirisha mara mbili, umenyamaza. Hili usilinyamazie. Mrudishie pete yake uje nyumbani kwangu, chumba kipo."

Jioni ujumbe wa mchumba wake ukaingia. "Najua inavyoonekana. Naomba uje Jumamosi saa nne asubuhi, usikilize, halafu uamue. Njoo na mikono yako tu."

Solo alijibu kwa maneno manne. "Nitakuja na pete yako."

Alhamisi mchana alikwenda dukani kununua nyaya. Duka lile lina ukuta mzima wa magitaa ya umeme, mekundu, meusi, ya rangi ya asali, na Solo alikuwa na mazoea ya kuupa ukuta huo mgongo. Aliegemea kaunta.

"Nyaya mbili, za mita sita."

Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alizipima huku akicheka peke yake.

"Afadhali wewe unajua unachotaka. Tuna mteja wetu mmoja wa Jumamosi, hata mke wangu huwa ananiuliza habari zake. Tumembatiza Bwana Stokingi."

Solo akaacha kufungua mkoba.

"Bwana nani?"

"Stokingi! Anakuja na begi tupu mgongoni. Anaomba gitaa, nampa. Wewe ungelifanyaje gitaa?"

"Ningelipiga."

"Yeye halipigi. Hajui hata uzi mmoja! Anatoa stokingi mfukoni, anaivaa mkononi, anaipitisha taratibu pembeni mwa shingo, kuanzia juu mpaka chini. Ikinasa kwenye ncha ya freti, vile vyuma vya shingoni, anatikisa kichwa, anaandika kwenye daftari. Anasema alifundishwa na fundi wa samani. Ndivyo wanavyokagua meza, kwa kuwa nailoni inanasa hata pale mkono wa mtu usiposikia kitu."

"Stokingi ya rangi gani?"

"Eh?"

"Nakuomba, ni ya rangi gani?"

"Kahawia. Ina mstari mweusi huku juu. Kwa nini?"

Muuzaji alishanoga, akaendelea.

"Lile pale juu, linalong'aa kama gari la bwana harusi, ni la kampuni yenye jina. Sauti yake huwezi kuisema vibaya, na ukikaza nyuzi zinakaa. Lakini stokingi ilinasa mara tatu. Akaniuliza, 'Kaka, hapa nanunua mbao au nanunua jina?' Lile la chini yake linatoka kampuni changa, bei yake ni robo. Stokingi ikapita kama kwenye siagi! Ila vishikio vya nyuzi vinalegea, akaandika kwamba hivyo vinabadilishika, shingo mbovu haibadilishiki. Maduka yote ya mji huu yanamjua. Nikamwambia, bwana, huyo unayemtafutia ni malkia?"

"Akasemaje?"

Muuzaji akavaa miwani, kana kwamba jambo hilo lilitaka kuonekana vizuri.

"Akasema ni mchumba wake. Kidole chake hakikunji vizuri. Akasema, siku atakayokubali kushika gitaa tena atajaribu mara moja tu, na chuma kikimkwaruza siku hiyo, basi tena. Ndiyo maana anakagua. Dada, mbona unalia? Nyaya nimezikata fupi?"

Solo aligeuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akautazama ukuta ule. Akashukuru. Hakujua amshukuru nani kwanza, akaishia kumshukuru muuzaji mpaka mwenyewe akaona aibu.

Jumamosi saa nne kamili aligonga mlango. Pete ilikuwa mfukoni, kwa sababu alikuwa ameahidi kuja nayo, na pia kwa sababu hasira haikuwa imeisha yote.

Sebuleni palikuwa na amplifaya ya kuazima na magitaa matatu yameegemezwa kwenye kochi. La kwanza lilikuwa limevishwa stokingi ya kahawia kichwani, la pili soksi ya ofisini. La tatu lilikuwa limegeuziwa ukutani.

"Nimewaficha majina," mpima ardhi alisema. "Sitaki uchague jina. Huyo wa tatu amekosa ya kuvaa. Stokingi zilikuwa mbili, moja uliondoka nayo."

Solo akafungua mkoba, akatoa stokingi, akaenda kulivisha gitaa la tatu kwa mkono wake mwenyewe. Bwana alibaki mdomo wazi.

"Unajua?"

"Mji mzima unajua, Bwana Stokingi. Mimi ndiye nimekuwa wa mwisho. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikutajie gitaa."

"Na harusi? Na hiyo nilikukataza?"

Hapo akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Nikuvishe pete kwa mkono gani? Huu uliosukuma mlango? Kila nikikitazama kile kidole nasikia ule mlango. Nikasema, nimrudishie kwanza nilichomnyang'anya, ndipo nimwombe kingine."

"Kwa hiyo ukaniweka kwenye foleni nyuma ya gitaa. Miaka miwili! Mimi usiku nahesabu kasoro zangu, wewe uko madukani unapapasa mbao!"

"Magitaa arobaini na moja," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikuulizi idadi!"

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile, hata plasta haijakauka mkononi."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza!"

Solo ndiye aliyelegea kwanza.

"Na mimi nilikudanganya. Sijawahi kuchoka na gitaa. Niliogopa kushika halafu isitoke kitu, na wewe ukiwa unanitazama. Nikasema nimechoka ili usiumie."

"Ndiyo maana hukuwahi kuliomba begi?"

"Ndiyo maana."

Simu ililia. Alikuwa dada.

"Umeshamrudishia? Niko nje na gari, niingie kubeba vitu?"

"Dada, subiri kidogo. Nataka kupiga gitaa."

"Kupiga nini?"

Akaikata.

Alianza na la kwanza. Sauti ilijaa chumba, tamu, pana, lakini lilimkata bega kwa uzito, na nyuzi zake zilikuwa ngumu mno kubonyeza. Akaliweka. Akachukua la tatu, jepesi, shingo nyembamba, laini kama kijiti cha kuchezea. Mpima ardhi alisogea mbele. Ilionekana wazi moyo wake uko wapi. Solo alijaribu mara moja, mara mbili. Kidole cha pete kilielea hewani, uzi ukakoroma. Mara ya tatu mkono ukashikwa na maumivu, akaacha.

"Basi," alisema. "Umeona?"

"Bado moja."

"Nimesema basi."

"Solo, nakuomba. Moja tu."

Akalichukua la pili, lile la soksi ya ofisini, zaidi kwa kumwonea huruma. Shingo yake ilikuwa nene. Ilikijaza kiganja, na kile kidole kikaidi, kisichokunja, kikakuta mahali pa kulala. Akabonyeza. Uzi ukasema. Akasogea mbele kidogo, kidole cha kati kikifanya kazi ya viwili, cha mwisho kikisaidia. Ulikuwa wimbo wa polepole waliokuwa wakifungulia nao dansi, sasa una mapengo hapa na pale, lakini unajulikana. Alipofika kwenye kiitikio alikuwa analia huku anacheka.

Mpima ardhi alikuwa anafunua daftari kwa haraka.

"Haiwezekani. La tatu lina alama tisini na mbili! Hili lilipata hamsini na nane. Nililikatia alama kwa ajili ya unene wa shingo, nikalileta ili tu uwe na la kulinganisha."

"Liambie daftari lije lipige."

"Lakini kidole kibovu si kinataka shingo nyembamba?"

"Kingekuwa kinakunja, sawa. Hiki kinataka pa kuegemea. Mpenzi, umepima magitaa arobaini na moja. Kidole chenyewe ulikipima lini?"

Alipiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono wa kushoto ambao kwa miaka miwili alikuwa anaukwepa hata wakivuka barabara, akautazama kiungo kwa kiungo.

"Basi nimekosea tangu mwanzo."

"Umekosea alama tu," Solo alisema. "Asante. Sijui mwanamke mwingine aliyezungukiwa mji mzima kwa ajili ya kidole kimoja. Asante, tena asante."

Wakaivua soksi. Jina lililokuwa kichwani lilikuwa la kawaida tu, la kampuni ambayo watu hununua wakiwa bado hawajui kama watapenda kupiga. Solo akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete.

"Niliahidi nitaileta. Nitunzie. Nataka kuvishwa mbele za watu, na safari hii tarehe nataja mimi."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dada aliingia na masanduku mawili matupu, akayatazama magitaa yaliyovaa stokingi, akawatazama wawili waliokaa sakafuni wakilia.

"Nyie," alisema, "mimi nimezima gari au nimezima akili?"

Harusi ilikuwa baada ya wiki saba. Bendi ilikuja yote, muuzaji wa duka alikuja na mkewe, ambaye aliomba kuonyeshwa Bwana Stokingi kabla hata ya kukaa. Saa ya pete ilipofika, bwana harusi akanyoosha mkono kuuchukua wa kulia, kama walivyozoea. Solo akampa wa kushoto.

Pete iliingia vizuri mpaka kwenye kile kiungo kilichovimba, ikakwama. Jasho lilimtoka mpima ardhi, maana pete ile alikuwa ameipima mara nne.

"Haipiti," alinong'ona. "Nitakuumiza."

"Uliniumiza, nikapona," Solo akamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa dada yake kwenye safu ya mbele. "Sukuma."

Akasukuma. Pete ikapita, dada akawa wa kwanza kupiga vigelegele, na bibi harusi akainuka na shela lake kwenda kuchukua gitaa.