Kweli au Mzaha

Juu ya meza ya Lukelo Nyenza, maji yalikuwa yanakataa kufurika. Bwawa la Mkwera, dogo kama sinia la pilau, lilijaa mpaka ukingoni, mvua ya mwanga ikalipiga, kisha lango la chini likafunguka taratibu, kama lilivyopaswa kufunguka miaka tisa iliyopita. Bondeni, nyumba za ukubwa wa punje ya mahindi zilibaki zimesimama. Kulipokucha, watu wadogo walitoka nje kupiga mswaki. Hakuna aliyekufa.

Mashine iliyofanya kazi hiyo iliitwa Ingalikuwa. Waandishi wa historia geuzi, yaani hadithi za mambo ya zamani kana kwamba yalikwenda vingine, waliipenda kuliko walivyopendana wenyewe. Unailisha kila ulichosoma na kila ulichosikia: ripoti, picha, rekodi za mvua, maongezi ya walioshuhudia. Nayo inaujenga upya wakati uliopita mezani pako, halafu inatafuta badiliko dogo kuliko yote ambalo lingeyapeleka mambo njia nyingine. Badiliko hilo waliliita kipindo. Mwandishi mvivu hugeuza vita nzima. Mwandishi hodari hugeuza kikohozi kimoja. Lukelo alikuwa hodari, na wala hakulificha hilo.

Kipindo cha Mkwera ndicho kilichompa jina. Katika hadithi yake, mhandisi wa zamu aitwaye Oliva anapitiwa na usingizi wakati maji yanapanda. Kilikuwa kitabu-hai: msomaji anavaa miwani, anaingia chumba cha mitambo, anamkuta Oliva amelaza kichwa mezani, naye anampigia kelele, "Amka!" Oliva anaamka, lango linafunguka, bonde linapona. Watu walitoka humo wakilia kwa furaha. Vijana wa Iringa walifika mahali pa kusalimiana kwa neno hilo.

Alikuwa bado anayatazama maji yake ya mwanga pale shangazi yake, Twilumba, alipompigia simu.

"Lukelo, mume wa Mhandisi Oresta amefariki kule Mkwera. Wanazika leo mchana, na nasikia hakuna mtu pale. Nenda."

"Shangazi, leo nina mkutano na wasomaji."

"Hao wasomaji wamefiwa?"

"Hapana."

"Basi nenda kwa aliyefiwa. Yule mama alikuja kwetu maji yalipomchukua baba yako mdogo. Wewe ni mtani wake, au umeshakuwa mkubwa kuliko utani?"

Lukelo alikuwa Mhehe, na Oresta Mngoni. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakachoka, wakawa watani. Mmoja akifiwa, mwenzake huja kumfanyia kazi na kumtania palepale msibani, na anayetaniwa hanuni. Nani hajui hayo? Hata mtoto anayejifunza kutembea Iringa anayajua.

Akapanda gari la sumaku. Stesheni ya Mkwera kundi la vijana lilimtambua, likampungia mikono na kupiga kelele, "Amka!" Naye akawapungia, akicheka, moyo mweupe. Alikuwa bado anatabasamu alipoiona nyumba. Ukutani mtu alikuwa ameandika AMKA kwa rangi nyekundu. Mwenye nyumba alikuwa amekwangua, na mwenye rangi akarudia, tena na tena, mpaka plasta ikachubuka.

Uani mikeka ilikuwa imetandikwa, mingi, ya kutosha mtaa mzima. Haikuwa na mtu. Katekista alisimama peke yake chini ya turubai, kitabu cha sala mkononi. Nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya mashine. Lukelo akachungulia, akaona wachimbaji wawili wa chuma, wale wanaokodishwa na mji, wakitoa udongo kwa mikono yao mirefu isiyochoka. Mkwera kaburi huchimbwa na majirani. Mashine huletwa kwa maiti iliyookotwa, isiyo na ndugu wala jina.

Mhandisi Oresta Luambano alikuwa amekaa kizingitini, kitenge mabegani.

"Pole sana, mama."

"Asante, mtani. Nilidhani Wahehe mmesahau njia."

"Watu wako wapi?"

"Hawaji," alisema Oresta. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma mita. "Mwanzoni ni watoto tu. Nikienda sokoni wananipigia kelele, mama amka, mama amka. Nikawa nacheka nao. Halafu wakubwa waliofiwa wakavaa hiyo miwani yenu. Wakasema Oliva ni mimi. Hata ungemwita malaika Gabrieli, mtani, wahandisi wanawake Mkwera tulikuwa wangapi? Nilikuwa peke yangu. Mume wangu aligombana nao barabarani, kanisani, mpaka moyo ukamshinda. Juzi alidondoka hapo, ameshika brashi ya kukwangulia ukuta."

 Lukelo akasema jambo la kijinga, kwa kuwa mtu mwenye aibu hukimbilia vitabu.

"Lakini tume ilisema bawaba ya lango ililiwa na kutu."

"Uliisoma hiyo ripoti?"

"Niliisoma."

"Na kulala kwangu ulikusoma wapi?"

Hakukusoma popote. Alikusikia. Siku ya matanga ya baba yake mdogo alikuwa na kinasa sauti mfukoni, kwa maana alikuwa akikusanya maongezi ya mafuriko. Oresta aliingia uani kwao kwa vishindo, kama watani waingiavyo, akapaza sauti: "Msilie, mimi ndiye niliyewaua! Nililala makusudi! Nikasema acha maji yakawaogeshe Wahehe, maana kwa baridi ya Iringa hamwogi mpaka Krismasi!" Uani pakalipuka kwa kicheko. Lukelo naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Miezi baadaye Ingalikuwa iliyasikiliza maongezi yote, ikasimama kwenye sentensi hiyo moja. Mashine haina watani. Ikauliza, kama ilivyofundishwa kuuliza inapotia shaka: "Msemaji huyu, kweli au mzaha?" Lukelo alijua. Hebu tusimsaidie hapa: alijua kabisa. Lakini kipindo cha bawaba alikuwa ameshakijaribu, na kilikuwa kimedoda. Hakuna msomaji atakayeipigia bawaba kelele ya kuamka. Akagusa penye neno kweli. Mashine ikashukuru, ikaendelea na kazi.

Sasa aliyasema hayo yote kizingitini, macho chini, bila kupamba. Oresta alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata mashine ilikuwa na adabu ya kuuliza," alisema.

"Nitakiondoa kitabu. Nitaandika hadharani kwamba nilidanganya."

"Andika. Ila waliomlilia Oliva hawatalilia bawaba. Wewe mwenyewe umeshindwa."

Wakazika. Katekista alisoma, Oresta na Lukelo waliitikia, na sauti zao tatu hazikufika hata kwenye ua wa jirani. Lukelo alipoomba koleo atupie udongo, mchimbaji mmoja alimgeuzia uso wake wa kioo na kusema kwa upole, "Kazi imekamilika. Poleni kwa msiba." Kaburi lilikuwa limeshasawazishwa, pembe zake zimenyooka. Alitamani ardhi impasukie, na ardhi yenyewe ilikuwa imeshindiliwa vizuri mno.

Waliporudi uani, katekista alileta sahani ya ugali na maharage kutoka kwa mkewe, akaiweka mbele ya mjane. Hakuigusa.

"Mama, kula kidogo," alisema Lukelo.

"Tangu juzi hakipiti." Oresta aliitazama sahani. "Unajua kwa nini siku ile nilisema nililala? Mama yako mdogo alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mwili upatikane. Wenzangu walikuwa wameshamtania, wapi! Nikatafuta neno kubwa la kumchekesha, nikakosa, nikajitukana mwenyewe. Akacheka, akanipiga kibao cha mgongo, akaomba uji. Mimi nilitoka pale nikaenda kulia chooni, maana watu waliokufa walikuwa wa bwawa langu." Akamgeukia. "Haya, Mhehe. Mtani ni wewe tu hapa. Nitanie nile."

Lukelo akafumbua mdomo. Mtu huyu aliliza nchi nzima kwa maneno.

"Ninyi Wangoni," alianza.

Kila utani uliomjia ulikuwa na usingizi ndani yake, au maji, au kaburi. Akautupa wa kwanza, akautupa wa pili. Katekista alikohoa, akatazama pembeni. Machozi yakamtoka Lukelo, na hayo ndiyo yasiyotakiwa kwa mtani.

Oresta alimsubiri. Alimsubiri vya kutosha, kama mtu mwenye adabu zake, kisha akaifunika sahani na kuingia ndani.