Mtu wa Thelathini na Nane

Lilianza kwa maji, na maji yenyewe hayakutosha kumlowesha sisimizi. Jumamosi moja, saa tisa na nusu mchana, fundi wa friji alifungua sanduku la kioo lililokaa sebuleni kwake, akachukua kitambaa laini ili aipanguse vumbi manowari yake kabla wageni hawajafika, akaona kwamba mmoja wa watu wadogo waliosimama juu ya meli alikuwa amelowa miguu. Mtu huyo alikuwa mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Alisimama peke yake tezini, yaani kule nyuma kabisa ya meli, kando ya kengele. Wenzake thelathini na saba walikuwa wakavu kama biskuti.

Fundi akampangusa. Akatazama dari, halivuji. Akatazama dirishani, jua linachoma mpaka mabati yanalia. Akajiambia ni gundi imetoa jasho, akafunga sanduku. Lakini gundi hainuki dizeli.

Huyu fundi marafiki zake walimwita Admirali, na jina hilo hakulipata bure, alilitafuta kwa ulimi. Kwa friji hakuwa na mpinzani: angeweza kupita barabarani, akasikia friji inanguruma ndani ya nyumba ya mtu, akakwambia gesi imebaki robo. Angeridhika na sifa hiyo angezeeka kwa raha zake. Ila sifa ya friji haimjazi mtu kifua, na yeye kifua chake kilikuwa kipana.

Kila Jumamosi walikutana watu watatu kwake: yeye, mwalimu mstaafu na kinyozi wa mtaa wa pili. Walijenga manowari ndogo za mbao na bati, wakabishana kuhusu mizinga na minara mpaka chai inapoa. Mwalimu alijua kila kitu kwa kusoma. Kinyozi hakujua kitu, lakini mikono yake ilikuwa haitetemeki, na wembe ulikuwa umemfunza kuchonga nanga ndogo kuliko punje ya mchele. Admirali ndiye aliyekuwa mkubwa wao, kwa sababu ya ile manowari ya doria iliyokuwa kwenye kioo. Kila sentimita yake moja ilikuwa mita moja ya meli ya kweli. Kamba zake zilisokotwa kwa nyuzi za hariri. Kengele yake ya shaba ilikuwa ndogo kama mbegu ya papai.

Tena, Admirali aliwaambia, meli hiyo aliitumikia mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa.

Basi Jumamosi ile walipoketi, Mwalimu akashusha miwani puani, akainama juu ya kioo.

"Admirali, kuna kitu kinanikera," alisema. "Meli nzima umeipaka kijivu sahihi. Hicho kijivu hata mimi nakivulia kofia. Lakini huyu bwana wa tezini umempaka rangi ya friji."

"Mwalimu, wewe meli ya kweli ulipanda lini?"

"Nimesoma."

"Basi kapigane na vitabu vyako, utuachie bahari yetu."

Kinyozi akacheka mpaka akashika mbavu. "Tusimulie tena, kaka. Ile siku ya moto."

Mkewe fundi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakuingia, hakuondoka. Admirali akapanua kifua.

"Ilikuwa saa kumi alasiri," alianza. "Zamu ya tezini ilikuwa yangu. Nikaona moshi unatoka kwenye ghala la mafuta, mwembamba kama uzi. Wengine wangekimbia. Mimi nikaishika kamba ya kengele…"

Hapo kengele ikalia. Haikulia kama kitu kidogo kama mbegu ya papai, ililia kama kengele ya shule iliyo karibu na sikio, mbili mbili, mara nne, na vikombe kwenye sinia vikagongana. Admirali akafungua mdomo aendelee, na badala ya neno yakatoka maji. Yalimjaa kinywani yakamwagika kidevuni mpaka kwenye shati lake la drafti, baridi, ya chumvi, yana mafuta juu yake.

"Amepaliwa," alisema Kinyozi, akampiga mgongoni.

Mwalimu alikuwa anaitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kamili, na Mwalimu alikuwa amesoma kwamba kengele nane ndizo zinazobadilisha zamu.

Nawaambia ukweli wote, maana mwenyewe alikuja kuusema baadaye. Meli ile hakuijenga yeye. Aliijenga baba mkwe wake, kwa miaka kumi, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hiyo hiyo. Mzee ndiye aliyeitumikia, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa umri huo, fundi wetu alikuwa anajifunza kuchomelea mabomba kwa mjomba wake, na safari yake pekee ya majini ilikuwa ya kivuko, dakika ishirini, na alitapika ndani ya kofia yake mwenyewe.

Mzee alipokuwa anakaribia kufa alimwita mkwewe peke yake. Akamwonyesha tundu dogo kwenye sitaha, tezini, kando ya kengele, lililotobolewa kwa ajili ya mguu wa mtu ambaye hakuwekwa.

"Hapo palikuwa pangu," mzee alimwambia, sauti imebaki upepo. "Zamu ilikuwa yangu. Nilikwenda jikoni kunywa chai. Kikombe kimoja tu, mwanangu. Moshi ukatoka, hapakuwa na wa kupiga kengele. Watu kumi na mmoja wakafa. Nimemweka kila mtu mahali alipokuwa dakika ile, isipokuwa mimi. Niapie hutaliziba hilo tundu."

Fundi akaapa. Mzee akazikwa. Na mwezi haukuisha, fundi akiitazama meli ile jioni moja akaona ile nafasi imekaa vibaya, kama jino lililong'oka kwenye kicheko. Akachonga mtu wa mti, akampaka rangi iliyobaki kwenye kopo la karakana, akamchomeka. Wenzake walipouliza huyu nani, akasema, huyo ndiye mimi. Aibu ambayo mzee alimnong'oneza kitandani akaigeuza kuwa ushujaa wake. Mkewe akisikia. Kila Jumamosi, na sinia mkononi, akisikia.

Baada ya siku ile ya kengele mambo hayakungoja Jumamosi. Kila alasiri ilipogonga saa kumi nyumba ilinuka dizeli na mbao zilizoungua. Kutoka ndani ya tumbo la meli zilisikika ngumi zikigonga, polepole, kama watu waliokwisha kukata tamaa lakini hawajui la kufanya zaidi. Akiwa karakana, kichwa kimo ndani ya friji ya mteja, fundi alihisi miguu yake inazizima, na akitazama chini alikuta nyayo zake zimeacha maji kwenye saruji kavu. Wateja wakafikiri anavujisha mafriji.

Siku ya tatu akachukua kibano ili amng'oe yule mtu wa tezini. Alipoinama ndipo akaona kwamba yule mtu hakuwa tena na sura ile ya kijinga aliyomchonga. Alikuwa na upara utosini, kama wa fundi mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la drafti. Fundi akakibana kibano kiunoni mwake, akavuta kidogo, na maumivu yakampata yeye mwenyewe kwenye kifundo cha mguu, makali, kana kwamba kuna msumari umepigiliwa kutoka unyayoni hadi gotini na sasa kuna mtu anaung'oa, akaachia kibano, akataka kurudi nyuma, na miguu ikakataa, ikabaki pale pale sakafuni kama imechomelewa, na akasimama hivyo mbele ya kioo, mikono pembeni, kidevu juu, akiwa amesimama vile vile alivyosimama yule mdogo, akisikia kwa mbali midomo mingi iliyolowa ikimuuliza kitu ambacho hakutaka kukielewa, mpaka jua likazama na kengele ikamruhusu.

Mkewe alimkuta ameketi sakafuni analia.

"Mama watoto," alinong'ona, "kuna kitu humu."

"Najua," mkewe alisema, akamvua viatu na kumwaga maji yaliyomo. "Kesho namwita yule bibi."

Yule bibi mchana alishona mashuka ya hospitali, na majini aliwashughulikia akipata nafasi. Alikuja na mkoba wake wa cherehani. Hakuwasha kitu, hakusoma kitu. Alizunguka sanduku mara moja, akanusa, akamtazama fundi kuanzia upara hadi viatu.

"Dawa ya huyu sina," alisema.

"Bibi, usiniambie hivyo."

"Nakwambia hivyo. Jini huyu alitoka na ile meli, akamfuata mzee mpaka hapa. Alikuwa amekaa kwenye hilo tundu, ametulia, kwa sababu tundu lilikuwa linasema kweli. Wewe umelichomeka kijiti. Ulitaka akae wapi? Halafu ukasema mbele za watu kwamba zamu ni yako. Yeye hajui utani, mwanangu. Umejiandikisha kwa mdomo wako, na anakuchukua. Jumamosi hii utakuwa mti."

"Nifanye nini?"

"Kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale." Akaufunga mkoba. "Na mkeo awepo."

Hapo ndipo fundi alipokonda. Kusema mimi mwongo, hilo angelimeza kwa shida, lakini angelimeza. Ila akiulizwa zamu ilikuwa ya nani atajibu nini? Akisema yangu, anakwenda. Akisema ya mzee, atakuwa amemvua mzee nguo mbele ya binti yake. Alijaribu siku tatu kutafuta uongo wa katikati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake uongo ukamkauka.

Jumamosi ikafika. Mwalimu aliketi, Kinyozi aliketi, mke alisimama mlangoni na sinia. Saa kumi kasoro dakika mbili fundi akasimama, na tayari hakuzisikia nyayo zake.

"Ndugu zangu, meli hii si yangu."

"Umeiuza?" Kinyozi aliuliza.

"Sikuijenga. Aliijenga baba mkwe wangu. Na mimi sijawahi kuwa baharia. Nilipanda kivuko mara moja nikatapika kwenye kofia."

Kinyozi akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Kengele ikalia, mbili mbili, mara nne. Harufu ikaingia, ya dizeli na moshi na nguo zilizolowa, na safari hii Mwalimu na Kinyozi nao walisikia ngumi zikigonga ndani ya zile mbao nyembamba za meli, kisha zikaacha kugonga, na kutoka sitahani, kutoka kwa watu kumi na mmoja ambao sasa walikuwa wanachuruzika maji na wote wamegeuza nyuso zao nyuma, kuelekea tezini, ikatoka sauti ndogo ya wengi, haina hasira, imechoka tu, ikiuliza: "Zamu ya nani?"

Fundi alifungua mdomo. Ubaridi ulikuwa umempanda kiunoni, vidole vyake vilikuwa vimeshikana na kuwa vigumu, na kwenye mkono wake wenye nywele aliona, na Kinyozi aliye karibu naye aliona, mistari ya mbao ikipita chini ya ngozi.

"Zamu ya nani?"

"Yang…" alianza, na maji yakamjaa.

"Ilikuwa ya baba yangu."

Mkewe alikuwa ameweka sinia chini. Alikuja mpaka kwenye kioo, akazungumza na meli kama anavyozungumza mtu na wageni waliongoja sana barazani.

"Ilikuwa ya baba yangu, na hakuwepo. Alikuwa jikoni anakunywa chai. Tusameheni."

Fundi akatema maji. "Ulijua?"

"Aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Nilimshika kichwa mpaka akalala." Hakumtazama. "Na lako nililijua. Kila Jumamosi nilileta chai, nikasimama pale, nikangoja uniangalie usoni mara moja tu useme."

Alasiri ile fundi alitamani awe mti kweli. Lakini bado kulikuwa na neno lake, na akalisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwenye hadithi zake zote: "Hapo hapakuwa na mtu. Mimi sikuwepo. Niliapa sitaziba, nikaziba."

Akachukua kibano. Yule mtu akatoka kwa urahisi, kama jino la mtoto, na mkononi alikuwa kijiti chenye rangi ya friji. Tunduni ukatoka uzi mwembamba wa maji, ukakatika. Nyumba ikawa kavu.

Mwalimu alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka, akaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Kijivu cha meli ni cha yule mzee?"

"Cha mzee."

"Kilikuwa sahihi," alisema Mwalimu, akaondoka. Kinyozi akamfuata bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Fundi, ambaye sasa alikuwa fundi tu, alifungua kioo apanguse vumbi, na kitambaa kikamwanguka. Tezini alisimama mtu. Hakuna mkono wa nyumba ile uliomchonga. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mkono wa kulia umeshika kamba ya kengele, na wa kushoto umeshika kikombe kidogo sana, bado kinatoa mvuke. Miguu yake ilikuwa imelowa.

Fundi akamwita mkewe. Mke akaja, akatazama. Kisha akaokota kitambaa, akaipangusa ile miguu, mmoja mmoja, taratibu, kama anavyopanguswa mgonjwa.

"Umechelewa, baba," alisema.

Kengele ikalia mara nane. Mpaka leo hulia kila saa kumi, na wakati huo fundi akiwa nyumbani hupita mbele ya kioo kile viatu mkononi, kichwa chini, kama apitavyo mtu mbele ya mkwewe.