Trekta Lililokunywa Bila Kukojoa

Nisamehewe mapema, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Wenye kipaji cha kutisha wangewaanzia na bundi. Mimi sina bundi. Nina ndoo ya maji, na fundi mmoja mwenye mdomo mkubwa kuliko sanduku lake la spana. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize.

Fundi huyo aliitwa Byamungu, mtu wa Uvira kule Kongo, mkimbizi wa Juru, ndani ya kambi ya Nakivale, Uganda. Jioni moja, jua likielekea kuzama, alikuwa kwenye kazi yake ya kila jioni: kulinywesha trekta. Lilikuwa trekta la dizeli la chama cha wakulima, kuukuu, lililomaliza nguvu zake kwenye mashamba ya Mbarara kabla ya kuja kuzeekea ukimbizini. Unalijaza maji asubuhi, jioni rejeta haina kitu. Unalala chini yake na tochi, unatafuta tone. Hakuna. Udongo mkavu kama unga.

Linakunywa. Halikojoi.

Mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia, mashamba hayajaguswa. Siku za mwanzo watu walikuwa wamemzunguka Byamungu, wakamuuliza, "Fundi, mayi inaendaka wapi?"

Hakujua. Mtu mwingine angesema sijui. Lakini Byamungu alikuwa ameigiza michezo ya kuchekesha parokiani tangu ujana, na mchekeshaji akishatazamwa na umati hawezi kuuacha uende mikono mitupu. Akanyoosha spana kuelekea nyumba ndogo ya jirani.

"Muulize Koko Olga. Ni yeye analalaka karibu nalo."

Walicheka sana. Hata Koko Olga mwenyewe, ajuza asiye na mtoto wala mjukuu, alicheka pale mlangoni pake, akifunika pengo kwa kiganja.

Kisha utani ule ukaanza kutembea kwa miguu yake. Ukaenda kisimani, ukarudi umenenepa. Oili ya injini ikageuka nyeupe. Wakasema Koko anakamua usiku. Moshi ukatoka mweupe. Wakasema ndiyo pumzi yake. Wanawake wakawa wanamwaga maji waliyochota akipita karibu. Maharage yake yakang'olewa mabichi. Na mchana wa siku hiyo Patient, kiongozi wa kijiji, alikuwa ametamka: trekta lisipopata dawa, kesho kukipambazuka ajuza ahame. Ahamie wapi, hakusema. Mtu aliyekwisha kukimbia nchi yake anakimbilia wapi tena?

Ndipo Byamungu, roho ikimsuta, alipompigia simu Sulaiman, mwanajeshi mstaafu aliyetengeneza magari ya jeshi pale kambi ya Makenke, sasa ana gereji yake Mbarara. Simu ya Byamungu ilikuwa imekufa sikio; ilisema kwa spika tu, kama mhubiri wa sokoni. Watu wakasogea. Patient mbele yao.

"Oili iko nyeupe?" Sulaiman aliuliza. "Na maji inapotea, lakini chini hakuna?"

"Ndiyo, afande."

"Eh. Hiyo inataka kichwa."

Watu wakatazamana.

"Tafuta kichwa ya zamani, ssebo. Ya mzee. Ya hawa vijana ya siku hizi haiwezi kubali."

Simu ikakatika.

Byamungu alielewa papo hapo. Lile bonge la chuma linalofunika injini kwa juu, kwao Kongo huitwa kulasi. Mafundi wa jeshi wa Uganda huliita kichwa. Kulasi imepasuka, maji yanapenya kwenye ufa, mengine yanaingia kwenye oili, mengine yanachemka na kutoka kama moshi. Ugonjwa wa kawaida wa injini kongwe. Alipaswa kuujua tangu siku ya kwanza. Na hapo ndipo haya ilipomshika, kwa sababu kueleza maana ya kichwa kulikuwa kueleza pia kwamba yeye, fundi, alimtoa ajuza sadaka ili asionekane hajui kazi.

Sentensi moja tu ingetosha.

Aliwatazama. Hakuna aliyecheka. Mdomo wake ukajitoa tabasamu la jukwaani, akajifuta mikono, akasema, "Basi mumesikia. Kichwa."

Wakaondoka polepole, bila kumuaga.

Jua likazama. Moshi wa kuni ukatambaa chini, ukachanganyika na harufu ya dizeli. Byamungu alibaki ameshika ndoo, haoni la kufanya nayo. Nyuma yake, kandambili zikaburuzwa.

Shwaa... shwaa...

Hakugeuka.

"Byamungu."

Alikuwa Koko Olga. Aliketi juu ya tairi bovu, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Shingo yake ilikuwa nyembamba.

"Balisema linaomba kichwa ya muzee," alinong'ona. "Mimi ni muzee. Batoto balime."

Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Byamungu aliiacha sauti ya jukwaani. Iliyotoka ilikuwa ya mtoto. "Hapana, koko. Ni kulasi. Ni chuma tu."

"Sasa mbona haukuambia batu?"

Akitafuta lolote la kufanya ili asijibu, alifungua kifuniko cha rejeta, akawasha injini. "Ona, koko. Ona hii povu. Ni moto ya ndani inapita mu ufa."

Viputo vikapanda. Blup... blup... Koko Olga akainama, akatega sikio.

"Kuko mutu humu."

"Ni hewa, koko."

"Anaita jina."

"Jina gani?"

Koko aliinua uso. Alimtazama tu, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake. Na hapo Byamungu akasikia. Injini ikigugumia, viputo vikiitikia.

Bya... mu... ngu.

Bya... mu... ngu.

Akazima injini upesi. Trekta likatikisika, likatulia.

Viputo havikutulia.

Alichovya kidole. Maji yalikuwa baridi kama ya kisimani.

Bya... mu... ngu.

"Enda ubaambie," Koko Olga alisema. "Niko hapa."

Alikimbia. Uani kwa Patient watu walikuwa bado wameketi, nyuso zimekunjamana. Byamungu alisimama katikati yao, jasho likimtiririka, akasema, "Ni mimi nilisema uongo. Sikujua ugonjwa ya trekta. Koko hana kosa. Kichwa ni chuma."

Walimtazama. Kisha mtu akachekea puani. Mwingine akashika tumbo. Byamungu akapiga magoti, akalia machozi ya kweli, nao wakapiga makofi.

"Wacha, fundi, utatuua," Patient alisema, akijifuta macho. Na mkewe: "Huyu hata njaa ataichekesha."

Hadi Patient alipogundua kwamba uso ule haubadiliki, akachukua taa, wakaenda kwenye trekta, giza lilikuwa limeshaingia.

Tairi lilikuwa tupu. Nyumba ya Koko Olga ilikuwa wazi, kuni zikiwaka jikoni. Kitambaa chake kilikuwa juu ya rejeta. Na kifuniko, ambacho Byamungu alikiacha wazi, kilikuwa kimefungwa. Patient alijaribu kukifungua kwa mikono miwili. Hakikukubali mpaka asubuhi, kwa nyundo.

Ndani hamkuwa na tone.

Byamungu alikipeleka kichwa cha trekta Mbarara kwa pikipiki, amekipakata kama mgonjwa. Sulaiman alikipaka mafuta ya taa, akakifuta, akakinyunyizia unga wa chaki. Mstari mweusi wa ufa ukajichora katikati, kutoka upande hadi upande. Sulaiman akaukodolea macho.

"Hii mara ya mwisho kuwaka ilikuwa lini?"

"Jana jioni. Niliiwasha mimi."

Sulaiman alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hapana, ssebo. Hii haikuwaka jana. Hii haiwezi kuwaka."

Kichwa cha zamani kilipatikana. Trekta lililima Juru yote, na shamba la kwanza kulimwa lilikuwa la Koko Olga. Hakuna aliyelipanda. Mmoja alisema alimwona sokoni Isingiro akiuza ndizi. Walipokwenda, wauza ndizi wote walikuwa wasichana.

Hadi leo, watu wakikusanyika kusubiri mgao wa chakula, humwita Byamungu awasimulie kile kisa. Akifika mwisho, hakosi wa kumuuliza: sasa, fundi, mchawi mwenyewe alikuwa nani?

Naye hujibu, "Ni mimi."

Katika maisha yake yote ya uchekeshaji, hajawahi kuwa na kichekesho kinachopokelewa vizuri kuliko hicho.